Pale Ilipokuwa Injini

Mwalimu alikuwa na tabia ya kulaza watu chini. Si kwa kupigana, maana sijapata kumsikia akimpandishia mtu hata sauti. Alichora mistari kwa chaki sakafuni, akakutazama kuanzia utosini hadi kwenye viatu, kisha akakuambia kwa upole kabisa, "Hebu lala hapa kidogo." Aliwalaza maseremala, aliwalaza wanafunzi wake, na siku moja alimlaza mchungaji wetu, aliyekuwa amepita kwangu kunikumbusha mambo ya harambee. Mchungaji alilala na koti lake la Jumapili, Biblia kifuani.

"Nyoosha miguu, mchungaji. Sasa geukia ubavu, kama mtu anayeota."

Mchungaji akageuka. Mwalimu akachutama, akafunga jicho moja, akatikisa kichwa.

"Bega linatoka nje. Huyu angeanguka kwenye wimbi la kwanza."

Mimi ni fundi wa viti na magodoro. Kibanda changu kiko Riruta, kando ya barabara ya Naivasha, kati ya kinyozi na mama muuza makaa. Nimekaa hapo tangu mume wangu alipofariki na kuniachia cherehani na binti mmoja, Nafula, ambaye sasa ni mtu mzima na ana nyumba yake Kakamega. Mwalimu alikuwa akipanga chumba kwenye ploti iliyo nyuma ya kinyozi. Asubuhi alikuwa anakwenda mjini, kwenye chuo cha ufundi alikofundisha uchoraji wa ramani, na mchana anapanda Kinoo kwa kazi yake ya pili. Kwa muda mrefu tulisalimiana tu kama majirani. Kisha siku moja akaingia kibandani na karatasi ngumu ya kahawia aliyokuwa ameikata kwa umbo nisilopata kuliona. Upande mmoja ulikuwa mpana, upande mwingine umechongoka, na kona moja imeliwa kama mkate uliopitiwa na panya. Akaniuliza kama ninaweza kumkatia godoro la umbo lile.

"Hiki ni kitanda cha nani?" nikamuuliza. "Mtu gani amejengwa hivi?"

"Si mtu aliyejengwa hivi, mama. Ni boti."

"Boti hapa Riruta?"

"Boti iko Kinoo."

Nikasema moyoni, leo nimeletewa mwendawazimu. Akaniomba nilale juu ya karatasi ili aone. Nikakataa, mimi ni mama wa watu. Basi akalala mwenyewe, mlangoni pangu, mikono pembeni, macho yametazama mabati. Watu waliokuwa wakipita wakadhani amezimia. Muuza makaa akaja na maji kwenye kikombe. Mwalimu akaketi, akashukuru, akayanywa yale maji yote kwa sababu ameletewa, kisha akaniambia, "Upande wa kichwa uongeze kidogo."

Kumbe boti ilikuwepo kweli. Kule Kinoo, chini kidogo ya Waiyaki Way, kulikuwa na karakana iliyotengeneza matumbo ya boti: vitanda, makabati, meza, jiko. Boti zenyewe zilikuwa pwani, za matajiri na wenye hoteli, zile za kwenda mbali baharini kuwavua nduaro na sulisuli, wale samaki wakubwa wenye pua kama upanga, kwa starehe. Gamba la boti lilibaki huko likiwa tupu, Mwalimu akaletewa vipimo vyake akachora ndani yake, maseremala wa Kinoo wakatengeneza, mimi nikashona magodoro na mito, na lori likabeba vyote hadi pwani. Kabla ya kukata mbao nzuri, walijenga kwanza boti nzima kwa plaiwudi, ukubwa ule ule, imesimama juu ya magogo kwenye saruji ya banda. Mwezi wa Julai ukungu wa Kinoo ulikuwa unaingia hadi ndani ya banda lile, na ukiingia kwenye boti ya plaiwudi ukasimama ndani yake, ungeweza kuamini kwamba nje kuna maji.

Alinieleza mambo ya injini akitumia kochi la mteja wangu. Nilimwacha kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na hakuna aliyekuwa na pa kwenda.

"Zamani," akasema, "injini ilikaa hapa." Akaweka pasi yangu katikati ya kochi. Akachukua ufito, akaulaza kwa mteremko kutoka kwenye pasi hadi mwisho wa kochi. "Hii ni shafti. Inatoka kwenye injini, inapita chini ya sakafu, inatokea chini ya boti, na mwisho wake ndipo penye rafadha, yale mabawa yanayokata maji. Sasa kwa sababu shafti ni ndefu na lazima iteremke, injini haiwezi kukaa nyuma. Inakuja huku kati. Yaani pale pazuri kuliko pote, pasipoyumba sana, landilodi amempangishia injini."

"Na watu?"

"Watu wanajibana kando yake, kama wageni wa matanga."

Akainua pasi, akaihamishia mwisho kabisa wa kochi.

"Siku hizi kuna podi. Ni kama mguu. Unashuka moja kwa moja kutoka tumboni mwa boti hadi majini, rafadha ziko kwenye mguu wenyewe, na mguu unageuka kushoto na kulia, kwa hivyo ndio unaoongoza boti. Ile shafti ndefu imekwisha. Injini inarudi nyuma, tezini, inakaa karibu na mguu wake. Sasa tazama hapa kati."

Nikatazama. Katikati ya kochi palikuwa patupu.

"Injini imehama," akasema. "Nyumba imebaki. Swali ni nani ataingia."

Alisema hivyo kama mtu anayesema habari za nyumba yao. Wakati ule sikujua kwa nini.

Lakini hakuwa mtu wa kusifia kitu kwa sababu ni kipya. Wateja walipofurahia mno zile podi alikuwa na neno lake moja, "Nafasi haizaliwi, inahamishwa." Ukipata chumba katikati, alikuwa anasema, kuna mahali umepapunguza. Injini sasa iko chini ya sitaha ya nyuma, pale pale mvuvi anaposimama kupigana na samaki. Sanduku la kuwekea samaki linapoteza kina. Fundi wa mitambo akitaka kushuka kwenye injini anafungua mlango wa sakafuni, na kama nduaro yuko kwenye mshipi, mlango huo umesimamiwa na tajiri ambaye hasogei kwa lolote. Halafu uzito wote umekwenda nyuma, lazima matangi ya mafuta na maji yasogezwe mbele, la sivyo boti inakaa kama kuku anayetaga. Yote hayo aliyachora, akayafuta, akayachora tena. Karatasi zake zilikuwa na sehemu zilizofutwa hadi zikawa nyembamba, ukiziinua unaona mwanga.

Mtu wa kupigania nafasi namna ile ungetarajia chumba chake kiwe kimepangika. Wapi. Nilipomjulia hali siku alipougua malaria nilikuta vitabu juu ya jiko la gesi, viatu juu ya vitabu, na mahali pa kukaa hapakuwepo. "Hapa hakuna bahari," akasema nilipomtazama. "Kitu kikianguka hapa kinaanguka mara moja tu."

Pia hakuwa anakula samaki. Mtu wa Ukambani, alikulia muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe, na samaki kwake alikuwa chakula cha paka. Mimi kwetu ni magharibi, nikipika omena, dagaa wa ziwani, nilikuwa namwekea sahani, na kila mara alimaliza ugali na sukuma akaziacha omena zimejipanga pembeni. "Hizi zinanitazama, Mama Nafula." Na maji aliyaogopa. Alipopelekwa pwani kukagua boti alishika nguzo ya gati, akauliza maswali yake akiwa ameshikilia hapo hapo. Alipoingizwa botini, ikiwa imefungwa kwa kamba, haijaenda popote, alitapika. Mashua alizochora zilifika mbali sana baharini naye hajaloa hata kifundo cha mguu.

Mjini alikuwa mtu mwingine, ama nilimwona tofauti kwa sababu huko alikuwa anatembea polepole. Wakati mwingine nilikwenda River Road kununua vitambaa na sponji, tukapanga tukutane akimaliza vipindi. Watu wengine hapo hutazama maduka. Yeye alikuwa anatazama chini ya ngazi. Kila jengo kuukuu alikuwa anainama kuona ni nani amepewa ile pembe ya chini ya ngazi: fundi viatu, mwenye kuuza kadi za simu, ndoo za mfagiaji. Siku moja tulimkuta bawabu mzee amejikunja chini ya ngazi namna hiyo, anasinzia adhuhuri, magoti yamegusa kidevu. Mwalimu akasimama. Nikajua anampima.

"Usimlaze huyo, amelala tayari," nikamwambia.

Hakucheka. Akasema, "Angalia vile waliochora hili jengo wameweka lifti, wameweka choo cha meneja, wameweka mahali pa kuegesha gari. Huyu hawakumchora. Amejichora mwenyewe kwenye makombo."

Tukaenda kunywa chai. Tulipomaliza vikombe ndipo aliponiambia habari za mdogo wake.

Mdogo wake alikuwa fundi wa mitambo kwenye boti za uvuvi huko pwani. Ni Mwalimu aliyempeleka. Alikuwa amefahamiana na nahodha mmoja kupitia kazi ya Kinoo, na mdogo wake alikuwa amekaa nyumbani bila kazi, anapenda injini kama wengine wanavyopenda mpira. Akapata kazi. Kwenye boti ile ya shafti wageni walikuwa na vyumba mbele, nahodha ana kitanda chake, na fundi alilala palipobaki, kwenye ubao kando ya injini, shafti inazunguka karibu na kichwa chake. Safari za siku kadhaa, injini moja haizimwi usiku kucha. Alilala hapo miaka. Kwanza sikio moja likaanza kupiga kengele, kisha likanyamaza. Baadaye la pili nalo likanyamaza.

"Alikuwa ananipigia kila Jumapili," Mwalimu akasema. "Siku moja nikaongea, naye akaongea, lakini tulikuwa tunaongea mambo tofauti. Nikaelewa hanisikii. Anajibu vile anavyodhani nimeuliza."

Tangu hapo simu ikawa ya kuandikiana tu. Mwalimu alikuwa anaipiga picha michoro yake na kumtumia, na mdogo wake anairudisha ikiwa na alama nyekundu: hapa goti litagonga, hapa mlango utabana vidole. Hivyo ndivyo walivyoongea. Boti zote zile, nikaja kutambua, zilikuwa mazungumzo ya watu wawili.

Basi kila boti ya podi iliyopita mikononi mwake, Mwalimu alichora kitanda cha fundi pale katikati ilipokuwa injini. Si kikubwa. Kitanda, rafu, taa, na tundu la hewa. Na kila mara mwenye boti alikiondoa. Mmoja alitaka kabati la mvinyo. Mwingine alitaka mahali pa kuwekea fimbo za kuvulia zisikwaruzwe. Mwingine alitaka chumba cha mke wake cha kujipambia. Mwenye karakana, mtu mpole lakini mwenye kazi ya kulinda, alikuwa anamwita pembeni.

"Mwalimu, mteja hakuomba kitanda cha kibarua."

"Najua hakuomba."

"Sasa unamwekea ya nini?"

"Ili akikitoa, ajue ametoa kitanda. Nisipokichora atatoa hewa tu."

Na kila mara mimi nilikuwa nimekwisha kukishonea kitanda hicho godoro. Alikuwa ananiletea umbo mapema, kabla ya mteja kukubali, kama mtu anayenunua nguo za mtoto mapema ili mtoto azaliwe. Magodoro yale yaliyokataliwa yakabaki kwangu, yameegemea ukuta, kila moja na umbo lake, hayaingii kwenye kitanda chochote cha Riruta. Moja nililipeleka nyumbani. Nilikuwa nalitandika sakafuni binti yangu akija na wajukuu, na wasipokuwepo nikawa nalilalia mwenyewe. Upande wa miguu ni mwembamba, lazima ulale umejikusanya. Nililizoea.

Kwa nini nililizoea, sitaki kuzungusha maneno. Mtu akipita mlangoni pako jioni baada ya jioni, anaketi kwenye kochi ambalo halijamalizika, anakusimulia kuhusu inchi chache alizozipata chini ya ngazi ya boti kana kwamba ameokota mtoto, utafika wakati unajikuta unachelewa kufunga. Nilikuwa natafuta kazi ya mikono ya kunikalisha. Nikafumua mshono uliokuwa sawa ili niushone tena. Yeye hakusema neno lolote la upande huo, na mimi sikusema. Alikuwa amefiwa na mke kama mimi nilivyofiwa na mume, alikuwa mzee wa kanisa, nilikuwa na heshima zangu. Tuliongea juu ya boti.

Sasa ikaja boti ya mwenye hoteli mmoja wa pwani. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote zilizowahi kufika Kinoo, na mwenyewe alipanda ndege akaja kutembea ndani ya ile ya plaiwudi. Nilikuwepo, nimepeleka sampuli za vitambaa. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, anapapasa kila kitu. Alipenda sebule, alipenda jiko. Alipofika katikati akasimama kwenye kile chumba kidogo.

"Hapa ni nini?"

"Fundi wako atalala hapa," Mwalimu akasema.

"Fundi wangu analala popote. Hapa nataka friji ya chambo na ya vinywaji."

Mwenye karakana akamtazama Mwalimu kwa macho ya kumsihi. Mwalimu akagusa ukingo wa kile kitanda. Kisha akasema kwa ile sauti yake, "Mzee, kabla hatujafuta, naomba ulale mahali kidogo."

Yule mtu akacheka, alikuwa amesikia sifa za Mwalimu za kulaza watu. Akadhani analazwa kwenye kitanda chake. Mwalimu akamtoa nje ya boti, akampeleka nyuma ya banda ilipokuwa kompresa ya kupulizia rangi, akatandika gunia kando yake. Mteja akalala, bado anacheka. Mwalimu akaiwasha.

Mnajua kompresa ile. Ukiwa barabarani unaisikia. Kando yake meno yanagongana. Yule mwenye hoteli alikaa kidogo na tabasamu, kisha tabasamu likaisha, akaanza kuinuka. Mwalimu akachutama akamwonyesha kwa mkono: bado, bado kidogo. Mwalimu mwenyewe alikuwa amepauka usoni kwa hofu ya anachofanya. Hakuonyesha hasira yoyote. Alipoizima, mteja alisimama, akajipangusa vumbi, akaangalia watu wote tuliokuwa hapo. Akasema jambo moja tu.

"Umenifanya mjinga mbele ya watu."

Akaenda kwenye gari. Kabla jua halijazama, mwenye karakana alikuwa amemwambia Mwalimu asirudi Kinoo.

Siku zile zilizofuata alikuwa anakuja kwangu mapema, maana hakuwa na pa kwenda mchana. Alikaa kwenye kochi bila karatasi. Mikono yake haikujua ifanye nini. Nikampa vifungo anitengee kwa rangi, akavitenga.

"Ungemwambia tu kwa maneno," nikamwambia.

"Maneno nimewaambia wote, Mama Nafula. Hakuna aliyewahi kuambiwa kelele akaisikia."

"Na mdogo wako umemwandikia?"

"Nimemwandikia kwamba kazi inaendelea."

Ndiyo mara ya pekee niliyomjua kusema uongo.

Halafu Kinoo wakampigia simu. Mwenye hoteli alikuwa amerudi kwake, na alichofanya huko sisi tulisikia baadaye: alishuka kwenye boti yake ya zamani, ikiwa inaenda, akaomba aonyeshwe mahali fundi anapolala. Hakusema samahani kwa mtu. Alisema tu boti ijengwe kama mwalimu alivyochora, na friji ya chambo itafutiwe pembe nyingine. Tena aliulizia fundi gani mzuri anapatikana pwani, na mwenye karakana, labda kwa kutaka kurekebisha mambo, akamtajia mdogo wake Mwalimu, naye akachukuliwa.

Godoro la kitanda kile, lililokuwa limeshonwa tayari, nililirudia kwa uzi maradufu. Mwalimu alikuja kulibeba mwenyewe, akalikunja begani, akasimama mlangoni kama mtu aliyesahau kitu. Nikangoja. Akasema, "Mshono huu ni mzuri sana." Akaenda.

Haikupita muda mrefu akastaafu chuoni. Macho yalikuwa yameanza kumsumbua, mistari ilikuwa inazaa mistari. Watoto wake walitaka arudi Ukambani kwenye shamba. Aliniaga asubuhi, barabara imejaa watu wa kazini, kinyozi amefungulia redio, haikuwa nafasi ya mtu kusema la maana. Aliniambia nije siku moja nione ndizi zake. Nikasema nitakuja. Sote wawili tulijua vile watu wazima husema nitakuja.

Sikujua kwamba mtaa unaweza kuwa mtupu na watu wamejaa. Jioni nilifunga mapema. Mara nyingine mteja alikaa kwenye kochi lisilomalizika nikamwambia atoke, nikasingizia misumari. Nilikuwa nikipita River Road nainama kuangalia chini ya ngazi.

Nilimwona tena mwaka huu, Kenyatta Market. Nilikuwa nimetoka kusukwa, kichwa kinauma kwa nywele mpya, nikipita mbele ya mabucha ya nyama choma moshi umetanda, vijana wanaita wateja. "Mathe, karibu, kuna mbavu imeiva fiti." Nikasikia jina langu. Alikuwa ameketi kwenye benchi, amekonda, amevaa miwani mizito. Mbele yake alikuwa mwanamume wa sura yake, mweusi zaidi kwa jua, mabega ya mtu anayeinua vyuma. Walikuwa wakiongea kwa mikono, haraka haraka, na simu imelala kati yao kwa yale ambayo mikono haikuyaweza.

"Sasa, Mama Nafula," Mwalimu akasema. Akasogea nikae. "Huyu ndiye mdogo wangu. Amenileta kwa daktari wa macho. Kesho tunarudi nyumbani."

Nikampa mkono. Mdogo wake akaushika kwa mikono yote miwili. Alikuwa na sauti kubwa, ya mtu asiyejua sauti yake inafika wapi, na bucha nzima ilimsikia akiniamkia.

Nikauliza lile nililokuwa nikitaka kuuliza muda wote. Mwalimu akamwandikia swali kwenye simu: boti mpya, kile kitanda, analalaje? Yule mtu akasoma. Akacheka kwa aibu, akajikuna shingo.

"Nililala siku ya kwanza," akasema. "Kitanda kizuri. Godoro zuri sana. Lakini sikupata usingizi. Hakuna kitu kinachotikisika pale. Mimi sisikii, lakini injini nilikuwa naijua kwa mbavu. Ikikohoa naamka. Pale katikati ni kama nimekufa. Nikangoja, nikangoja, nikachukua blanketi nikaenda kulala nyuma, juu ya sitaha, injini iko chini yangu. Huko nalala kama mtoto."

Nilimtazama Mwalimu. Alikuwa ameyajua haya tayari, niliona. Alikuwa anakata nyama vipande vidogo vidogo, taratibu.

"Na kile chumba?" nikauliza. "Kimekuwa cha friji?"

Mwalimu akamwandikia tena.

"Friji wapi. Mpishi ndiye amekihamia," mdogo wake akasema. "Kwanza alikuwa analala sakafuni jikoni, miguu mlangoni. Siku hizi ana mlango wake, anaufunga, amebandika picha ya watoto wake ukutani. Ukimwambia atoke mtapigana."

"Huyo mpishi simjui," Mwalimu akaniambia polepole. "Sikumpima. Nasikia ni mrefu." Akatabasamu kwanza kwa upande mmoja, kisha mdomo wote. "Lakini anatosha."

Tukala. Nikamuuliza habari za ndizi, akaniuliza habari za wajukuu. Nilikuwa nimejaa maneno, na kila nililolichukua niliona ni kubwa mno kwa mahali penye moshi na makelele. Nikaona heri niage kabla sijajiaibisha. Nikachukua mkoba wangu. Mdogo wake alikuwa akinitazama, akaitazama mikono yangu, vidole vyenye alama za sindano, kisha akamgeukia kaka yake na kumuuliza kwa ile sauti isiyojijua, ambayo mkata nyama aliisikia, na vijana wa mlangoni, na wasusi wa upande wa pili.

"Huyu ndiye yule mama wa magodoro unayeniandikia habari zake miaka yote hii?"

Watu wakageuka. Mkata nyama akasimamisha kisu. Mwalimu hakuinua uso. Akasogeza rundo dogo la chumvi kwenye ubao kwa kidole kimoja, akalinyoosha likawa mstari, kisha akaisukuma nyama upande wangu.

"Kaa ule, Mama Nafula," akasema. "Inapoa."

Nikaweka mkoba chini, nikakaa.